Hedhi Nzito Si ya Kuzoea

Binti anayetokwa hedhi zaidi ya siku 7, au anayebadilisha pedi kila saa, asiambiwe, "Vumilia, ndio uanamke." Huenda ana ugonjwa wa von Willebrand, yaani upungufu wa protini inayosaidia damu kuganda. Dalili nyingine ni kutokwa damu puani mara kwa mara, au jino likishang'olewa damu haikatiki.

Kila tone huondoka na madini ya chuma. Akiba ikiisha, huja uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio.

Mpeleke hospitali apimwe wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma) na ugandaji wa damu. Asimeze aspirini bila ushauri wa daktari. Maini, dagaa na maharage humsaidia, lakini kuongeza chuma bila kudhibiti damu ni kujaza mtungi uliotoboka. Tumsikilize binti mapema.