Simu ya Upepo Mafia: Mpango wa Kituo cha Redio cha Ukoo

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Maskati)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, na wanangu mliotoka Uingereza, Kanada na nyumbani,



Kamati imenitaka nieleze mpango wa kujenga kituo cha redio kisiwani Mafia, tulikohamia mimi na mama watoto mwaka 2025 baada ya miaka mingi ya kazi hapa Oman. Nimeagizwa niseme kwa lugha ambayo hata asiyejua umeme ataifahamu. Nitajitahidi, na mwishoni nitaweka ombi mbele yenu. Ombi lenyewe si la fedha.

Wazee wetu waliiita simu ya upepo, na jina hilo lingali linafaa. Redio ninayoikusudia si ile ya kusikiliza taarifa ya habari tu. Ni ile ambayo mtu husikia na kujibu. Wenye kuishughulikia huitwa watu wa redio ya ridhaa, kwa kuwa hawalipwi. Hupewa leseni na serikali baada ya mtihani, na kila mmoja huwa na alama yake ya mwito. Hapa Oman jambo hili lina heshima ya siku nyingi. Chama cha Kifalme cha Redio ya Ridhaa kilianzishwa mwaka 1972, na marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na alama ya mwito, A41AA.

Mtauliza: mbona kila mtu ana simu mfukoni? Ni kweli, na redio haitachukua nafasi ya simu. Lakini kumbukeni mwezi Mei 2024. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, nasi tulikuwa Maskati, London na Toronto, kila mmoja akipiga simu nyumbani kwa moyo wa wasiwasi. Kikapita. Tarehe 12, mikongo miwili ya mawasiliano chini ya bahari ikaharibika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Mambo hayo mawili yalipishana kwa siku nane. Je, yangetokea siku moja? Vimbunga si vya kila mwaka katika pwani yetu, lakini Unguja ilipigwa mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952. Nchi ya Tonga nayo, baada ya mlima wa volkano kulipuka Januari 2022, ilikaa majuma kama matano pasipo mkongo wake. Tahadhari kabla ya athari.

Mawimbi mafupi hayapiti katika mkongo wala hayahitaji mnara wa simu. Hupanda angani hadi kwenye tabaka ambazo jua limezitia umeme, kisha hurudishwa ardhini mbali sana. Kutoka Mafia hadi hapa ni kama kilomita 4,000. Hadi London ni zaidi ya 7,500. Hadi Toronto ni karibu 13,000. Mtambo wa wati 100, yaani nguvu ya balbu moja ya zamani, waweza kuzivuka masafa hizo hali ya anga ikikubali.

Sasa niingie katika mpango wenyewe.

Kwanza ni ruhusa. Leseni yangu ya Oman si ruhusa ya kurusha mawimbi Tanzania. Ni lazima Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inipe leseni yake na alama ya mwito, ambayo huko huanza na 5H. Kabla ya hapo sitaingiza mtambo wa kurushia, na kwa sasa nasikiliza tu. Tusilete chombo bandarini kisha tukaanza kuomba radhi.

Pili ni mahali. Wengi wamependekeza upande wa mashariki, penye upepo mzuri na bahari kuu. Mimi nachagua magharibi, upande wa Kilindoni. Njia fupi ya mawimbi kwenda London hutoka Mafia kuelekea kaskazini-magharibi, na ya kwenda Toronto vivyo hivyo. Maji ya chumvi husaidia mno mawimbi yaondokayo kwa pembe ya chini, na hayo ndiyo yafikayo mbali. Basi antena ikisimama ufukweni na kutazama bahari upande huo, tutapata bure msaada ambao ndani ya kisiwa tungeutafuta kwa mlingoti mrefu wa gharama kubwa.

Tatu ni antena. Ya mbali itakuwa fimbo ya wima ya kama mita 5 kwa masafa ya megahezi 14, pamoja na nyaya zilizotandazwa chini yake. Ya karibu, kwa kuzungumza na ndugu wa Dar es Salaam, itakuwa waya wa mita 20 kwa megahezi 7, uliotundikwa kati ya minazi miwili. Mnazi huyumba, na waya uliokazwa hukatika. Kwa hiyo upande mmoja tutaweka kapi na henza kama ya jahazi, na jiwe mwishoni, ili mti ukiinama jiwe lipande na waya usalimike. Skurubu zote ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi haina huruma. Radi ikinguruma, antena ing'olewe kwenye mtambo na kuachwa nje ya nyumba.

Nne ni umeme. Kituo cha dharura hakiwezi kutegemea umeme wa gridi. Nimekadiria saa nne za kusikiliza na saa moja ya kusema kwa siku, jumla ya kama ampea-saa 16. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 itatupa siku tano pasipo jua. Paneli ya sola ya wati 200 itarudisha matumizi ya siku moja kwa saa mbili za jua kali. Wakati wa masika saa hizo huadimika, nazo siku hizo tano ni kwa ajili hiyo.

Tano ni saa ya kukutana. Napendekeza Jumamosi, saa 12 jioni kwa saa za Mafia. Hapa Maskati itakuwa saa 1 usiku. Majira ya baridi, London itakuwa saa 9 alasiri na Toronto saa 4 asubuhi. Maskati na London nazitarajia kila juma. Toronto siku nyingine itaitika, siku nyingine itanyamaza. Jua lina mzunguko wa kama miaka 11, na kilele cha mzunguko huu kilikuwa mwaka 2024; tukichelewa, miaka ya kunyamaza itaongezeka.

Sita ni adabu. Redio ya ridhaa si ya biashara, wala si ya siri. Kila neno husikika na yeyote, na kulificha kwa mafumbo ya siri ni kosa. Mambo ya posa, talaka na urithi tuyaache kwa simu na kwa vikao kama hiki. Siku ya maafa ujumbe uwe mfupi: nyumba ya nani, wako wangapi, hali yao, wanahitaji nini, na saa ngapi imeandikwa.

Sasa ombi langu. Kituo kimoja hakina wa kumjibu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kanuni za kimataifa huruhusu kufikisha ujumbe wa nje kwa niaba ya asiye na leseni wakati wa dharura na maafa, na mengine huachiwa sheria ya kila nchi. Lakini mpokeaji ni lazima awepo. Naomba kila mji utoe mtu mmoja atakayefanya mtihani. Uingereza lipo daraja la mwanzo, ambalo tangu mwaka 2024 huruhusiwa wati 25. Kanada mtihani wa msingi una maswali 100, na anayepata 80 au zaidi huruhusiwa mawimbi mafupi. Kote huko hakuna tena sharti la kujua Morse.

Na nyumbani, nataka vijana wawili wa ukoo, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wajifunze nami tangu kuchimba shimo la mlingoti. Mimi nina miaka 67. Kituo kinachojulikana na mtu mmoja huzikwa naye, na wazee wetu waliobaki kisiwani watakuwa na mlingoti usiosema.

Mwenyekiti, fedha za mtambo nimekwisha kuziweka kando. Nimeacha karatasi mezani kwa Katibu, ina mistari minne: Maskati, London, Toronto, Mafia. Nitafurahi nikiondoka na majina, hata kama ni ya wasiojua bado waya upi ni upi.