Moto Ukishazimwa: Maneno kwa Wana wa Pate

Ndugu zangu mlioko Lamu, Mombasa na Arabuni.

Nyumba ya mama yetu iliungua usiku, wakati wa kaskazi. Makuti yakishika moto kwa upepo ule, ndoo hazifui dafu. Tuliwahi kutoa watoto na wazee tu. Asubuhi majirani walileta uji, leso, sufuria, hata magodoro. Mungu awalipe, sisi hatuwezi.

Lakini mimi nasemea mwezi wa tatu. Waliokuja kutupa pole wamesharudi kwenye shughuli zao, mama analala kwa mwanawe kama mgeni, na karatasi zote ni majivu: vitambulisho, vyeti vya shule, hati ya kiwanja. Kila moja yataka barua ya chifu, kituo cha polisi, kisha boti ya Lamu, nayo hungoja maji yajae Mkanda. Shughuli ya saa moja ofisini hula siku mbili.

Basi katika mchango wa mwaka huu tutenge fungu la nauli hizo, pamoja na boriti na mabati. Na kila nyumba itoe nakala za karatasi zake, ziwekwe kwa jamaa aliye mbali. Zetu sasa ziko Mombasa, kwa mpwa wangu.