Kabla Wazee Wetu Hawajaondoka na Dawa Zao

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwenye semina ya afya ya jamii, Nyakahura)



Tulipoandaa semina hii, baadhi yenu mliuliza kwa nini kanisa linawakalisha waganga wa miti shamba pamoja na wauguzi. Swali hilo ni la haki. Kwa miaka mingi tumeyaita mambo haya ya gizani tukiwa kanisani, kisha usiku tukamchemshia mtoto mubilizi. Ramli hatuna shughuli nayo. Jani, gome na mzizi ni jambo jingine.

Tuanze na malaria, maana ndiyo inayotumaliza. Dawa mseto ambayo zahanati zetu zimekuwa zikitoa tangu mwishoni mwa mwaka 2006 asili yake ni mmea wa China, atemisia. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alipekua vitabu vya kale vya tiba za kwao. Alipouchemsha mmea ule majibu hayakueleweka, leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Kitabu cha karne ya 4 kilieleza kuloweka katika maji na kukamua, wala hakikutaja moto. Ndipo akatambua kwamba joto linaharibu dawa. Mwaka 1971 akapata njia ya joto dogo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Wazee, mnaona? Namna ya kuandaa nayo ni sehemu ya elimu. Mtu akiandika jina la mti tu, amechukua nusu.

Sasa habari mbaya. Utafiti uliofanyika mwaka 2021 ulikuta hapa hapa mkoani Kagera, hasa upande wa Karagwe, vimelea vya malaria vilivyoanza kuizoea dawa hiyo. Haina maana kwamba dawa imeshindwa. Mgonjwa aende zahanati na amalize dozi. Lakini dawa nyingine itahitajika, na kuitafuta huchukua miaka mingi.

Hapa sisi watu wa miradi ya makanisa tuna la kukiri. Miaka ya 2000 miradi mingi ya kikanisa Afrika Mashariki iligawa miche ya atemisia ili watu wanywe chai yake. Nia ilikuwa njema. Ila kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani, na dozi pungufu inaweza kuvizoesha vimelea. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo. Mwenye mche nyumbani asiutumie kutibu malaria.

Na mubilizi wetu? Mwaka 1987 huko Mahale, Kigoma, Mzee Mohamedi Seifu Kalunde na mtafiti Michael Huffman walimwona sokwe jike mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha tawi la mti huo. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Mzee Seifu aliujua mti ule kuwa dawa ya kwao. Wataalamu wa Japani walipoupima maabara walikuta kemikali zinazodhuru baadhi ya vimelea. Hata hivyo, kuua kimelea ndani ya chupa si kumponya mtu. Hupimwa kwanza kama ni sumu, kisha kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, na dawa nyingi huishia njiani. Wakunga, hii ndiyo sababu tunawasihi msimpe mjamzito dawa ya mitishamba bila kumwambia muuguzi.

Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili Muhimbili wamekwisha kufika mkoani kwetu, Katoro na Kikuku, wakaandika miti na matumizi yake. Upande wetu huku bado kuna mengi, na yanapungua. Mwaka 1994 wakimbizi walipoingia Ngara, misitu ilikatwa kwa kuni; hatuwalaumu, walihitaji kupika. Tangu 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yamekuwa sehemu ya hifadhi ya taifa, hivyo huwezi kuingia kuchimba mzizi unavyotaka. Na kila tunapozika mzee, tunazika na orodha yake.

Mzee mmoja alituuliza jana: "Nikisema, nitapata nini?" Hatutamdanganya. Fedha hatuahidi. Tunachoahidi ni kwamba jina lake litaandikwa, atabaki na nakala, na hakuna mgeni atakayepewa daftari hilo bila makubaliano ya maandishi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga, msajiliwe. Asiyetaka kusema asilazimishwe.

Baada ya chai, kila mmoja alete tawi lenye majani na ua au tunda. Mzizi uacheni ardhini. Tutalibana kwenye gazeti, tuandike jina la Kihangaza, Kisubi au Kihaya, mahali lilipotoka, na jinsi linavyoandaliwa: kwa moto au kwa maji baridi.