Dawa ya Shamba Isimfikie Mtoto Aliye Tumboni

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakulima wa viazi na wafanyakazi wa mashamba ya maua



Kaunti yetu inaishi kwa udongo. Molo, Kuresoi na Njoro wanalima viazi. Naivasha wanakuza maua yanayouzwa hadi Ulaya. Mvua ikizidi, majani ya viazi huoza, na mkulima hurudi shambani kila mara na pampu mgongoni. Hatumwambii aache mimea iharibike. Tunaomba jambo moja: mwanamke mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, asiishike dawa hiyo.

Kwa nini? Baadhi ya kemikali za kuua wadudu na magugu hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na damu yake huanza kutengenezwa huko huko tumboni. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada waliunganisha matokeo ya tafiti 31. Waliona kuwa watoto wa wanawake waliofanya kazi na dawa hizi wakiwa wajawazito walikuwa na hatari ya kupata lukemia, yaani saratani ya damu, karibu mara mbili ya watoto wengine.

Tusitishane. Lukemia ya watoto ni ugonjwa wa nadra. Hata hatari ikiongezeka mara mbili, wengi mno hukua salama. Tena tafiti hizo zinaonyesha uhusiano tu, hazimhukumu mama yeyote. Mwenye mtoto mgonjwa asinyoshewe kidole. Lakini hatari inayoweza kuepukwa haifai kungojewa.

Ugumu ni kwamba wiki za kwanza mama mwenyewe huwa hajui kama ana mimba. Kwa hivyo tusingoje kadi ya kliniki. Kina baba, hapa ndipo zamu yenu. Changanyeni dawa wenyewe. Ogeni na mbadili nguo kabla ya kuketi na familia, kisha mzifue nguo hizo wenyewe, mbali na za wengine. Dawa isiwekwe chumbani wala jikoni. Chupa tupu isitiwe maji wala maziwa. Na nyumbani, mama mjamzito asipulizie dawa ya mende au mbu. Alale ndani ya neti.

Dada unayefanya kazi kwenye maua, najua hofu yako: ukisema una mimba, kibarua kitaota nyasi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mtu kufutwa kazi kwa sababu ya ujauzito. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga. Mwambie msimamizi mapema, omba kazi isiyo ya kupulizia, na usiingie palipopuliziwa kabla ya muda ulioandikwa kwisha.

Mwisho, mtoto akiwa na homa isiyokoma, akipauka, akitokwa na damu puani mara kwa mara, akiwa na madoa ya damu chini ya ngozi au akilalamika mifupa inauma, mpelekeni hospitalini bila kuchelewa. Lukemia ya watoto inatibika, na kuwahi kunasaidia.

Msimu wa kupulizia unakuja. Kabla ya kufungua chupa ya kwanza, kubalianeni nyumbani ni nani atakayeishika.