Siku Zinazohesabiwa: Kutoka Ruhusa ya Kazi hadi Uraia wa Kanada



Siku hizi si ajabu kusikia, mjini au mashambani, kwamba kijana fulani, mwuguzi au fundi wa umeme au mhasibu, amekwenda Kanada kufanya kazi. Jamaa zake hufurahi, majirani huja kumpa mkono wa kwaheri, na watu husema, "Huyu sasa amekuwa raia wa Kanada." Neno hilo husemwa kwa furaha, lakini si kweli. Mtu aliyepewa ruhusa ya kufanya kazi katika nchi si mkaaji wa kudumu wa nchi hiyo, wala mkaaji wa kudumu si raia. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina sheria yake na hesabu yake. Mtu mwenye bidii aweza kupoteza miaka ya jasho lake, si kwa uvivu wala kwa uhalifu, bali kwa kudhani tu kwamba mambo hayo matatu ni kitu kimoja. Yafaa basi yaelezwe moja moja.

ASILI YA MPANGO WA ALAMA

Kabla ya mwaka wa 1947 hapakuwa na uraia wa Kanada uliosimama peke yake; wenyeji wa nchi hiyo walihesabiwa kuwa raia wa Mfalme wa Uingereza. Sheria ya kwanza ya uraia wa Kanada ilianza kutumika tarehe 1 Januari, 1947. Hata baada ya hapo mlango haukuwa wazi kwa watu wote, kwa maana wahamiaji kutoka Ulaya walipendelewa kuliko wengine. Mwaka wa 1962 kanuni zilibadilishwa, na mwaka wa 1967 ukaanzishwa mpango wa kuwapima waombaji kwa alama. Elimu, ustadi, lugha na umri vikawa ndivyo vinavyopimwa, mahali pa rangi na taifa. Mpango huo umebadilishwa mara nyingi tangu wakati ule, lakini msingi wake ungalipo.

ALAMA 67 KATIKA 100

Tangu Januari 2015 mafundi na wataalamu wengi huomba kwa njia iitwayo Express Entry. Anayeomba akiwa bado kwao, kwa ustadi wake tu, hupimwa kwanza kwa alama 100, naye hapana budi apate 67. Lugha ina alama 28, elimu 25, kazi aliyokwisha kuifanya 15, umri 12, kazi aliyoahidiwa na tajiri wa Kanada 10, na mambo mengine yanayomsaidia kuizoea nchi 10.

Umri hausubiri. Aliye kati ya miaka 18 na 35 hupata alama zote 12, na baada ya hapo hupunguziwa moja kila mwaka. Tena mwombaji awe amefanya kazi ya ustadi kwa mshahara muda usiopungua mwaka mmoja mfululizo, katika miaka kumi iliyotangulia. Haitoshi kusema kwamba aliifanya. Barua ya tajiri wake yapasa ionyeshe kazi gani, saa ngapi kwa juma, na mshahara kiasi gani.

Katika jambo la lugha, wako wanaoudhika wakiambiwa wafanye mtihani wa Kiingereza ilhali wamesoma kwa Kiingereza tangu utoto. Hata hivyo kanuni ni ile ile kwa wote, na matokeo ya mtihani hayapokelewi yakipita miaka miwili. Kifaransa nacho huongeza alama, na kwa hiyo wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo au Burundi, ambao wengi wao walisoma kwa Kifaransa, wana akiba ambayo pengine hawajui kwamba wanayo.

Kupata alama 67 si kuitwa. Majina ya waliofaulu huwekwa pamoja na kupangwa upya kwa alama zinazofika 1,200, na walio juu ndio wanaoalikwa. Aliyealikwa hupewa siku 60 tu kuleta hati zake zote. Kwa sababu hiyo mwenye busara hukusanya vyeti vyake, pamoja na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, kabla ya kualikwa wala si baada yake.

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA KABLA YA SAFARI

Jambo la kwanza ni leseni. Alama za uhamiaji haziwi leseni ya kazi. Mwuguzi, daktari, mwalimu au mhandisi hawezi kufanya kazi yake mpaka akubaliwe na baraza la kazi hiyo katika jimbo atakalokaa, na kila jimbo lina baraza lake. Asiyeuliza habari hiyo mapema aweza kujikuta anafagia sakafu ya hospitali ambayo alitumaini kuwatibu wagonjwa wake. Kufagia si aibu. Lakini miaka inayopita bila kuutumia ustadi huupunguza ustadi wenyewe.

Jambo la pili ni ukweli. Fomu huuliza majina ya mke au mume na watoto wote, hata wale wasiosafiri. Wako watu wanaoficha mtoto aliyelelewa na bibi yake kijijini, wakidhani kwamba ombi litakuwa jepesi. Sheria ya Kanada husema kwamba jamaa ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa wakati wa ombi la kwanza, kwa kawaida hawezi kuletwa baadaye kwa njia ya kudhaminiwa na jamaa yake. Neno moja lililofichwa siku ile laweza kumtenga mzazi na mwanawe kwa miaka mingi. Na anayepatikana amesema uongo katika ombi lake aweza kufungiwa mlango kwa miaka mitano.

KADI SI HATI YA SHAMBA

Anayefaulu kwa njia hii huingia Kanada akiwa mkaaji wa kudumu. Aweza kukaa na kufanya kazi katika jimbo lo lote, na watoto wake wasome. Lakini hapigi kura, hapati pasipoti ya Kanada, na akifanya kosa kubwa la jinai aweza kufukuzwa nchini.

Zaidi ya hayo, ana deni la siku. Katika kila miaka mitano yapasa awe amekaa ndani ya Kanada siku zisizopungua 730, yaani miaka miwili. Si lazima ziwe siku za mfululizo. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtu hupata kadi yake, akarudi nyumbani kuendesha duka au kujenga nyumba za kupangisha, akiamini kwamba kadi hiyo ni kama hati ya shamba, ambayo mwenyewe aweza kuifungia sandukuni na kuikuta vile vile. Kama katika miaka mitano amekaa nje zaidi ya mitatu, amevunja sharti. Hadhi yake haipotei papo hapo. Ni afisa anayeamua, naye mtu ana haki ya kukata rufani, na mambo ya huruma, kama ugonjwa wa mzazi, huangaliwa. Lakini kuomba huruma si sawa na kuwa na haki.

Kinyume chake, tarehe ya mwisho iliyopigwa juu ya kadi si mwisho wa ukaaji. Kadi huchakaa, hadhi hubaki. Ila mwenye kadi iliyokwisha muda, akiwa nje ya nchi, atapata taabu kupanda ndege ya kurudi, na itampasa aombe hati nyingine ya safari.

HESABU YA URAIA

Hesabu ya uraia ni nyingine kabisa, na haifai kuichanganya na hiyo ya kwanza. Tangu Oktoba 2017 mkaaji wa kudumu anayetaka uraia hapana budi awe amekaa ndani ya Kanada siku 1,095 katika miaka mitano iliyotangulia siku anapotia sahihi ombi lake. Siku alizokaa nchini kihalali kwa ruhusa ya kazi au ya masomo, kabla hajawa mkaaji wa kudumu, huhesabiwa kila moja kuwa nusu siku, wala hazizidi siku 365 kwa jumla.

Na iwe mfano, mwuguzi aliyeingia kwa ruhusa ya kazi, akakaa miaka miwili bila kutoka, kisha akapata ukaaji wa kudumu. Ile miaka miwili, ambayo ni siku 730, humpa siku 365. Zinabaki siku 730 za kukaa akiwa mkaaji wa kudumu. Katika muda huo baba yake akafa, naye akarudi nyumbani kwa mazishi na matanga siku 42. Mwaka uliofuata akaja kumwuguza mama yake siku 60. Jumla ni siku 102. Hakuna anayemlaumu kwa kuwazika na kuwauguza wazee wake. Lakini hesabu haijui matanga. Itampasa angoje siku 102 zaidi, yaani miezi mitatu na zaidi, ndipo aombe. Akiomba mapema ombi litakataliwa, na itambidi aanze upya na kulipa ada tena.

Tena siku huzeeka. Kwa kuwa zinazotazamwa ni za miaka mitano tu, anayechelewa sana huku akisafiri mara kwa mara hupoteza siku za nyuma anapotafuta za mbele. Vile vile mkaaji wa kudumu anayefuatana nje ya nchi na mume au mke aliye raia wa Kanada huhesabiwa siku hizo katika deni lake la 730, lakini kwa kawaida hazihesabiwi katika zile 1,095 za uraia. Aliyezichanganya hesabu hizo mbili hujiona tajiri wa siku kumbe hana kitu.

Wazee wa pwani walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi na siku ni mali. Kila aendaye ng'ambo na anunue daftari, aandike tarehe ya kila kutoka na kila kurudi, na kuweka pamoja tiketi na pasipoti zake za zamani. Kisha azidishe siku kidogo juu ya kiasi kilichoagizwa, maana kosa la siku mbili laweza kuangusha ombi zima.

KODI, MTIHANI NA KIAPO

Zaidi ya siku, mwombaji aliyepaswa na sheria kupeleka taarifa za kodi yapasa awe amezipeleka kwa miaka mitatu katika ile mitano. Aliye kati ya miaka 18 na 54 huonyesha kwamba anajua Kiingereza au Kifaransa cha kutosha, kisha hufanya mtihani wa maswali 20 juu ya historia, serikali, haki na wajibu wa raia, naye yampasa apate 15. Mwisho wa yote ni kiapo cha utii kwa Mfalme. Ni tangu kiapo hicho tu, wala si mapema zaidi, ndipo mtu anapokuwa raia. Hapo hapigi tena hesabu ya siku.

URAIA WA NYUMBANI

Wengi huogopa kwamba wakila kiapo hicho watapoteza kwao. Kanada huruhusu uraia wa nchi mbili tangu mwaka wa 1977. Kwa upande wa Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010 yasema kwamba Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine, na wale walioupoteza kabla ya Katiba hiyo wana haki ya kuomba kurudishiwa. Kwa hiyo shamba la urithi halimponyoki kwa sababu ya kiapo. Lakini sheria ya mwaka wa 2011 humtaka aitangazie Serikali uraia wake wa pili katika muda wa miezi mitatu, nayo Katiba humkataza askari wa majeshi ya ulinzi kuwa na uraia wa nchi mbili. Si nchi zote zilizo hivyo. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka wa 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Mtanzania yampasa apime jambo hilo kabla hajala kiapo.

KUJIHADHARI NA MAWAKALA

Liko neno moja la mwisho. Kujiandikisha katika Express Entry hakulipiwi, na fomu hutolewa bure na Serikali ya Kanada. Anayetaka msaidizi wa kulipwa na atafute mwanasheria mwenye idhini ya Kanada, au mshauri aliyeandikishwa katika baraza la washauri wa uhamiaji na uraia, ambalo lilianza kazi yake mwaka wa 2021. Jina lake laweza kutafutwa katika orodha ya baraza hilo. Yule asemaye kwamba ana ndugu ofisini, au kwamba viza ni hakika ukimlipa leo, huyo anauza kitu asicho nacho. Wazazi wasiuze ng'ombe wala kuweka rehani shamba kwa ahadi ya namna hiyo.

Kanada haikuahidi mtu kwamba atakuwa raia. Imeandika tu masharti yake, na masharti hayo yasomeka na kila ajuaye kusoma. Kijana asafiriye na aende kwa furaha, lakini aende akijua yuko katika hatua ipi kati ya zile tatu, na zimebaki siku ngapi kuifikia inayofuata.