Wajukuu Wetu Wafundishwa Nini Katika Darasa la Tano?

Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mtakumbuka kwamba katika mkutano mmoja wa mwaka huu mzee alisimama akauliza hivi: "Chama hiki hutoa fedha kila muhula kuwasaidia watoto wetu walio katika shule ile ya Wakatoliki. Ni nani kati yetu ajuaye wanafundishwa nini?" Watu walitazamana, wala hapakuwa na aliyejibu. Ndipo Halmashauri ikatuagiza sisi wa ofisini twende shuleni, tuone kwa macho, kisha tulete habari. Tumekwenda mara tatu, tukakaa dawatini pamoja na watoto, na habari yenyewe ndiyo hii.

Tulilichagua darasa la tano, ambalo siku hizi huitwa Gredi ya Tano. Mtoto wa darasa hili akishalimaliza amebakiwa na mwaka mmoja tu katika shule ya msingi, yaani Gredi ya Sita, kabla ya kuvuka kwenda sekondari msingi. Kwa hiyo lililoharibika katika miaka ya kwanza lazima litengenezwe hapo, ama mtoto ataondoka nalo. Tena darasa hili lina habari yake ya zamani kwa wazee wetu, nasi tutaieleza mbele.

Kwanza yafaa tuondoe fikira moja isiyo sawa. Wengi wetu husema "shule ya mapadre", kana kwamba padre ndiye aajiriye walimu na kuchagua masomo. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Mtakatifu Austin huko Nairobi mwaka 1899, na wale wa Consolata wakaingia nchi ya Murang'a mwaka 1902. Na palipojengwa kanisa, shule haikukawia kufuata. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni chini ya Serikali, na Kanisa likabaki kuwa mdhamini. Leo walimu wa Serikali katika shule ya umma kama hii huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, na mtaala hutungwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Mtoto wa darasa la tano hapa husoma yale yale asomayo mwenzake katika shule isiyo na msalaba langoni.

Mtaala huo huitwa mtaala wa umilisi. Ulifika darasa la tano mwaka 2021, ukachukua mahali pa mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ambao ndio uliotulea sisi tunaowasomea maneno haya. Sisi tulifundishwa kukumbuka, na mwisho wa safari ulikuwa mtihani mmoja mkubwa. Mtoto wa leo hutakiwa aoneshe kwamba aweza kulitenda alilojifunza, na mwalimu huandika maendeleo yake mwaka mzima.

Masomo ni manane: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Elimu ya Dini, Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe, Masomo ya Jamii, na Sanaa, ambayo ndani yake mna kuchora, muziki na michezo. Kila juma kuna vipindi 35, na kila kipindi ni dakika 35.

Katika Hisabati hujifunza tarakimu kubwa, sehemu na desimali, vipimo vya urefu, uzito, eneo na wakati, pamoja na kupanga matumizi ya fedha. Tulimwona mtoto akipima bustani ya shule kwa kamba yenye mafundo, akaandika urefu na upana, akapata eneo lake bila kusaidiwa. Katika Masomo ya Jamii mpango ni huu: mwaka wa nne mtoto hujifunza habari za kaunti yake, mwaka wa tano habari za Kenya nzima, na mwaka wa sita hutazama Afrika Mashariki. Basi darasa la tano husoma ramani ya nchi, Wabantu, Waniloti na Wakushi walitoka wapi, na jinsi watu wetu walivyotawalana kabla ya wageni kuja. Katika Kiswahili husoma, huandika insha, hujifunza sarufi, na huulizana vitendawili na methali. Katika Kilimo na Lishe hufundishwa kuhifadhi udongo na maji, kupanda mboga, kutunza wanyama wadogo, na kupika chakula kinachojenga mwili.

Wanachama wetu Waislamu, na wale wa makanisa mengine, wameuliza kama mtoto wao atalazimishwa kufuata dini ya mdhamini. Twajibu kwamba sivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yampa mdhamini nafasi katika halmashauri ya shule, na yamruhusu asimamie malezi ya kiroho na kuweka kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe. Lakini yamtaka alinde imani ya wale wasio wa madhehebu yake. Elimu ya Dini ina vipindi vitatu kwa juma, na kipindi kimoja zaidi ni cha malezi ya kiroho. Jumla vinne kati ya 35. Mtoto Mkristo husoma habari za uumbaji, Biblia, maisha ya Yesu, Kanisa, na mwenendo wa Kikristo. Mwislamu naye anao mtaala wa dini yake uliotungwa na Taasisi ile ile. Ama mafundisho ya Komunyo, hiyo ni kazi ya katekista kwa watoto ambao wazazi wao wametaka.

Zaidi ya vipindi hivyo tuliona sala ya asubuhi, na desturi ambayo haimo katika ratiba: kila Ijumaa watoto wa darasa la tano humchotea maji bibi mmoja mgonjwa aishiye karibu na shule. Hawapewi alama kwa kazi hiyo. Nasi twaona kwamba mzazi wa dini yo yote hatachukia mtoto wake kuizoea.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twafika kwenye jambo lililotugusa moyo. Katika somo la Kilimo watoto walikuwa wakijifunza kuhifadhi udongo. Mwalimu aliwaagiza wakawaulize wazee nyumbani: zamani watu wa hapa walifanya nini ili mvua isiuchukue udongo wa mashamba? Siku ya pili yake wengi walirudi na madaftari matupu. Mtoto mmoja wa kike alisimama akasema, "Mwalimu, nilimwuliza Babu, naye akaniambia, 'Nenda ukamwulize mwalimu wako, ndiye alipwaye mshahara.'" Darasa zima likacheka, ila yeye hakucheka.

Babu huyo ni mwanachama wetu. Ametupa ruhusa tuyaseme haya, kwa sharti tusimtaje jina. Tulikwenda kwake jioni, si kwa kumlaumu, bali kwa kutaka kujua. Alitukaribisha chai, akanyamaza kitambo, kisha akatuuliza, "Vijana wangu, mwajua mimi niliiachia shule wapi?"

Hapa yawapasa wanachama vijana wajue habari ya zamani. Katika miaka ya 1950 masomo ya Waafrika katika nchi hii yalifuata mpango wa kamati ya Beecher ya mwaka 1949: miaka minne ya shule ya kwanza, minne ya shule ya kati, na minne ya sekondari. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani wa kuingia shule ya kati, na nafasi zilikuwa chache kuliko watoto waliozitaka. Darasa la tano ndilo lililokuwa mlango wenyewe. Watoto wengi wenye akili njema walibaki nje yake, wala haikuwa kwa uvivu wao.

Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Aliufanya mtihani, hakupata nafasi, na juma lile lile akapewa jembe. "Miaka yote hii," alituambia, "mjukuu akija na daftari la darasa la tano mimi naogopa. Nikijibu vibaya atajua kwamba babu yake hakufika hapo. Afadhali anione mkali kuliko anione mjinga."

Tulikosa la kusema. Tukatazama nje, tukaliona shamba lake lililo mteremkoni: matuta yamepangwa sawasawa, nyasi za nepia zimeshika kingo, na mfereji wachukua maji polepole hadi pembeni. Tukamwambia, "Mzee, jibu la mjukuu wako si lile pale?" Alilitazama shamba kana kwamba ni la mtu mwingine, akauliza, "Kumbe hilo nalo ni somo?"

Juma lililofuata mwalimu aliwaleta watoto wote shambani kwake. Mzee aliwaeleza kwa nini tuta hufuata ubavu wa mlima wala haliteremki nao, kwa nini nyasi hupandwa juu ya tuta, na jinsi maji yaendayo mbio yanavyobeba udongo wa juu wenye rutuba na kuacha ule usiofaa. Mjukuu wake ndiye aliyeshika kamba ya kupimia. Mtoto mmoja alipomwuliza amesoma wapi mambo hayo, Mzee alijibu mbele ya wote, "Mimi nimeishia darasa la nne. Haya nilifundishwa na baba yangu, na mvua." Hakuna aliyecheka. Waliinama wakaandika.

Wazee wetu, mtaala huu una maswali mengi ambayo majibu yake hayamo katika kitabu. Yamo katika mashamba yenu, katika majina ya marika yenu, na katika methali mlizorithi. Mkimfukuza mtoto na swali lake, somo hilo limekwisha, wala mwalimu hana njia ya kulimaliza peke yake. Mkono mmoja haulei mwana.

Hatusemi kwamba mambo yote ni mazuri. Wazazi wamelalamika, na kwa haki, kwamba mara nyingi watoto huagizwa karatasi za manila, rangi, na picha za kuchapishwa mjini, na mama mwenye watoto watatu hana fedha za hayo yote. Tuliyapeleka maneno hayo kwa walimu, nao wamekubali kwamba udongo, vibuyu, mbegu na kamba za nyumbani hutosha kwa kazi nyingi.

La pili ni zito zaidi. Tuliwasikia watoto kadhaa wa darasa la tano wasioweza kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili bila kukwama kila mstari. Mtoto wa namna hiyo hashindwi Kiswahili tu. Hisabati humshinda, maana hawezi kulisoma swali. Sayansi humshinda, maana hawezi kuyasoma maelezo. Mwaka ujao atakaa mbele ya tathmini ya kitaifa ya Gredi ya Sita, ile iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022. Zamani mlango ulifungwa kwa mtihani, na kila mtu aliuona ukifungwa. Mtoto huyu ameingia ndani, amekaa dawatini, amevaa sare iliyonunuliwa kwa fedha za Chama, na bado mlango umefungwa mbele yake, nasi hatuuoni.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu maombi matatu, mkipenda myakubali.

Kwanza, kila nyumba yenye mtoto wa darasa la tano imsikilize akisoma kwa sauti dakika 20 kila jioni. Mzee asiyejua kusoma aweza pia kuifanya kazi hii, maana sikio humtambua mtoto anayekwama. Mtoto akikwama mara nyingi, mzazi aende amwone mwalimu mapema, asingoje mwisho wa mwaka.

Pili, Halmashauri iandike orodha ya wazee na akina mama wenye maarifa ya kilimo, historia ya hapa, nyimbo, ususi na mapishi, na orodha hiyo ipelekwe kwa mwalimu mkuu, ili mwalimu ajue ni nani wa kumwita. Jina la kwanza twalo tayari, na mwenyewe amekubali.

Tatu, sehemu ya mfuko wa elimu itengwe kununua vitabu vya hadithi vya Kiswahili na Kiingereza vitakavyowekwa katika ofisi ya Chama, watoto wa wanachama wote waazime. Kitabu kimoja huweza kusomwa na watoto wengi, nasi tutakuwa tayari kukiandika kila kinapotoka na kinaporudi.

Bwana Mwenyekiti, swali lililotupeleka shuleni lilikuwa: wanafundishwa nini? Tumelijibu kadiri tulivyoona. Sasa watoto nao wana swali lao, na jioni ya leo huenda likaletwa mlangoni kwako pamoja na daftari. Twawaomba msiwafukuze. Semeni mnalolijua, na msilolijua semeni waziwazi kwamba hamlijui, kisha mlitafute pamoja nao. Kuuliza si ujinga, na kwa mtu mzima pia.