Andiko la Mradi na Tarehe ya Mkopo

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Handeni na Korogwe)



Kijana wa Handeni au Korogwe anayetaka kuanzisha shughuli ya uzalishaji haanzi kwa meneja wa benki. Humwendea mwalimu wa shule ya jirani, au ofisa wa kata, amwandikie andiko la mradi. Kwa hiyo mradi unapokufa, lawama haiwezi kumwishia kijana peke yake.

Na uchukuliwe mfano wa mkonge. Zao hili lililetwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safarini. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa; baadaye kamba za nailoni zikashusha soko, na mashamba mengi yakageuka pori. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wadogo wa Korogwe walianza kugawiwa maeneo ndani ya mashamba hayo ya zamani, na leo Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi wana vyama vyao vya ushirika.

Sasa hesabu yake. Mkonge hukaa shambani kama miaka mitatu kabla ya mkato wa kwanza. Jani lenyewe ni maji kwa sehemu kubwa. Singa ni takriban asilimia 4 tu. Maana yake ni kwamba mkulima aliye mbali na korona hulipia gari libebe maji. Tena jani lililokatwa halingoji; lisipochakatwa upesi huharibika, na hivyo mkulima hana nguvu ya kubishana na mwenye mashine. Andiko linalotaja ekari, miche na bei ya tani, lakini likanyamaza juu ya umbali wa korona na zamu ya kuchakata, ni karatasi tupu hata likipigwa mihuri mitatu.

Hapo ndipo linapoingia suala la fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mikopo hiyo mwaka 2023, baada ya kubainika vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikairudisha katika mwaka wa fedha 2024/25. Haina riba, na hilo ni jambo jema. Lakini mkopo usio na riba bado una tarehe. Kikundi kitakachouzika wote katika mkonge kitadaiwa kabla hakijakata jani moja. Busara ni kupanda mahindi katikati ya mistari miaka ya mwanzo, na kuuelekeza mkopo kwenye kazi inayozunguka upesi.

Wafugaji wa nyuki wa Handeni nao wana hesabu yao. Mzinga mpya waweza kukaa mtupu msimu mzima. Andiko linalohesabu asali ya kila mzinga tangu mwezi wa kwanza linamdanganya mkopaji kabla ya mkopeshaji.

Milango mingine ipo. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na ushauri wa mashine, na ina mfuko wake wa mikopo. SACCOS na VICOBA hukopesha kidogo, lakini humfundisha mwanachama kulipa mbele ya jirani zake, jambo ambalo fomu ya ofisini haiwezi kulifundisha. Na fedha ya mjomba nayo ni deni, ingawa haiandikwi popote.

Hapana budi kusema wazi juu ya desturi moja mbaya: andiko la wilaya nyingine hunakiliwa, jina la kijiji likabadilishwa, na kijana akatozwa ada. Anayefanya hivyo hajawahi kukaa na kikundi kuuliza ni nani atanunua, nani ataendesha mashine, na kipuri kitatoka wapi ikivunjika.

Kalenda ya ofisi nayo ichunguzwe. Masika ya Handeni huanza Machi na kwisha Mei. Kikundi cha Mkata kinachoomba fedha ya mbegu Januari, kikapewa Juni, kitanunua mbegu za kupanda wapi? Kitakaa kungoja vuli, na fedha zitaanza kuliwa siku ile ile zilipoingia.